Masta ya sayansi ya michezo ukitokea Tabora: inakuingiza timu kubwa au inajaza bahasha tu?

#1 Mwl wa Isevya
Wakuu heshima kwenu. Naenda moja kwa moja.

Mimi ni mwalimu wa michezo na baiolojia sekondari moja hapa Tabora mjini, digrii yangu ni elimu ya viungo na sayansi ya michezo, nilisoma Mlimani. Sitaki kuwa kocha mkuu, naomba mnielewe hapo mapema kabla hamjaanza kunishambulia. Nataka kuwa yule mtu wa nyuma ya kocha, anayepima mzigo wa mazoezi, anapanga wiki nzima, anajua nani apumzishwe Jumanne na nani nyama za paja ziko mbioni kuchanika. Huku kwetu anaitwa kocha wa viungo lakini kazi yenyewe ni pana kuliko kukimbiza watu kuzunguka koni.

Swali langu, nitafute masta (Uingereza, Sauzi, hata Kenya) au hela na nguvu hizo nizipeleke kwenye leseni za ukocha za CAF na vyeti vifupi? Nauliza sababu wenye masta ninaowafahamu wote wako darasani wanafundisha, na huku timu za Ligi Kuu benchi zima la wataalamu linashuka na kocha mgeni kwenye ndege moja. Kwanini? Ni karatasi zetu, ni lugha, ni fitina, au kusema kweli hatuna kitu mkononi?

Mwenye uzoefu atiririke.

#2 Chungu Kikubwa
Nimeshusha mkeka hapa. Wajuzi njooni.

#3 Mzee wa Reli
Mwanangu mwalimu, hujaniamkia lakini marahaba. Mimi michezo nimeiona tangu enzi za Bayi. Filbert Bayi kavunja rekodi ya dunia ya mita 1500 pale Moscow, masta gani alikuwa nayo? Simbu juzi tu 2025 kachukua dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo, nani alimpimia mzigo? Vijana mnapenda makaratasi. Pumzi mtu anazijua mwenyewe.

#4 Takwimu Tupu
Shikamoo mzee. Kwa heshima nakurekebisha, rekodi ya Bayi ya 1500 ilikuwa Christchurch, New Zealand, mwaka 1974 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, dakika 3:32.2. Moscow ni 1980, pale alichukua fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akachukua fedha ya mita 5000. Sasa huyo Nyambui alisoma Chuo Kikuu cha Texas pale El Paso, maana yake alikuwa ndani ya mfumo wa chuo, makocha, hosteli, ratiba ya mashindano kila wikiendi. Mfano wako unakugeuka.

Simbu uko sahihi, Tokyo Septemba 2025. Yeye na Mjerumani Amanal Petros wote waliandikiwa 2:09:48, picha ikaamua, tofauti sekunde 0.03.

#5 Mzee wa Reli
Marahaba. Christchurch na Moscow zote ziko mbali na Tabora. Hoja yangu iko palepale.

#6 Kibirizi255
😂😂 mzee habanduki.

Mleta uzi mimi nipo Kigoma, nimekaa karibu na timu kwa miaka kadhaa (sio mchezaji, nilikuwa mtu wa vifaa). Hilo la benchi kushuka na ndege moja watu wanaita fitina ila mimi naona ni hesabu ya ajira. Kocha mgeni mkataba wake unaishi kwa matokeo, mechi tatu mbaya anafungashiwa virago, sasa kwanini amkabidhi miguu ya wachezaji mtu ambaye hajawahi kukaa naye hata mezani? Anakuja na mtu wake wanayeelewana kwa macho. Hata angekuwa Mtanzania angefanya hivyohivyo.

Halafu usisahau timu nyingi za mikoani kocha wa viungo ndo huyohuyo kocha msaidizi na kwenye basi ndo anayehesabu mipira. Hiyo nafasi unayoitaka mwalimu kwenye timu nyingi haipo kabisa, sio kwamba ipo wakamnyima mtu.

#7 fizio_wa_zamu
Habari wakuu. Naongea kama fizio (mtu wa tiba ya viungo), nilisomea Moshi, nimefanya kazi hospitali mkoani na jioni nikawa nasaidia timu moja, jina kapuni. Msimu mzima naahidiwa "tutakaa mezani". Meza sijaiona.

Nilichojifunza ni kwamba timu zetu zinalipa mtu anayeweza kugusa mchezaji akapona. Anayezuia mchezaji asiumie halipwi, kwasababu jeraha ambalo halikutokea halionekani, nani atakushukuru? Nikawaambia jamani tuweke zoezi la Nordic mara mbili kwa wiki, lile mchezaji anapiga magoti, mwenzake anamkamata vifundo kwa nyuma, halafu anajishusha mbele polepole akijizuia kwa nyama za nyuma ya paja mpaka anashindwa anadondokea mikono. Halihitaji kifaa, sisi tulikuwa tunakunja gunia chini ya magoti maana uwanja wa mazoezi una changarawe. Tafiti zinaonyesha linapunguza majeraha ya nyama za paja kwa karibu nusu. Siku ya kwanza wachezaji wamelifanya, kesho yake hawawezi kukaa chooni, kocha akasema unaniulia timu, likafutwa. Kumbe ndo linavyoanza, unaanza na machache unapandisha taratibu, ila nani atasikiliza wakati Jumamosi kuna mechi.

Kwa hiyo mwalimu masta nzuri ila uliza kwanza utakaporudi nani atakusikiliza.

#8 Mtoto wa Katubuka
Fizio wa Bongo kazi yenu si kupuliza ile dawa ya baridi na kukimbia na begi tu, masta ya nini 😂

#9 fizio_wa_zamu
Mtoto wa Katubuka ukivunjika usinitafute, tafuta hiyo dawa ya baridi.

#10 Boksi Leicester
Nipo Uingereza, masta nimemaliza kitambo. Nitaandika ndefu mnivumilie.

Kwanza mwalimu acha kusema "masta ya sayansi ya michezo" kana kwamba ni kitu kimoja. Kuna fiziolojia ya mazoezi, kuna nguvu na ukakamavu wa wanamichezo (ndo inamgusa sana kocha wa viungo), kuna uchambuzi wa mechi kwa video na data, lishe, saikolojia, biomekanika (mwili unavyojongea na nguvu zinazoupita), na kuna ya ukocha wenyewe. Loughborough wanazo karibu zote, Liverpool John Moores ndo wazee wa sayansi ya mpira, Leeds Beckett nao wapo. Sasa angalia muundo. Kuna masta ya darasani mwaka mmoja, unasoma, unafanya maabara, unaandika tasnifu, kwaheri. Kuna masta ya utafiti. Na kuna ile ambayo chuo kinakuweka ndani ya klabu au chama cha mchezo, unasoma huku unafanya kazi na wachezaji kila siku, mara nyingine klabu inachangia ada. Hii ya tatu ndo dhahabu na ndo inayogombaniwa kweli, Waingereza wenyewe wanapigana vikumbo.

Yangu ilikuwa ya kwanza. Maabara safi, nimepima watu VO2max (kiwango cha juu cha oksijeni mwili unachoweza kutumia) mpaka basi, nimetoboa vidole vya watu kupima laktiti damuni, ile inayopanda mazoezi yakiwa makali. Nikaanza kuomba kazi, kila intavyuu swali la kwanza ni lilelile, umefanya kazi na wanamichezo gani na kwa muda gani? Hakuna aliyewahi kuniuliza alama. Sasa hivi nipo ghala usiku na asubuhi nasaidia akademi ya vijana kwa kujitolea, watu wengi hii kazi wanaianza hivyohivyo kwa kujitolea, ushindani ni mkubwa mno na mishahara ya mwanzo midogo kuliko mnavyofikiri.

Ada kwa mtu wa nje kozi nyingi ni pauni 20,000 kwenda juu kabla hujala. Na kama umeoa, tangu Januari 2024 mwanafunzi wa masta ya darasani haruhusiwi kuja na mke wala watoto.

#11 Mwl wa Isevya
Boksi Leicester asante sana mkuu. Hapo kwenye ada nimekaa chini kwanza. Ufadhili je? Maana kwa mshahara wa ualimu hata nikiuza na mizinga yote ya mzee sifiki.

#12 Mdau wa Kipalapala
Jaribu FIFA Master, ile inatolewa na FIFA wenyewe, ukimaliza hiyo timu yoyote duniani wanakuchukua uwe mtaalamu wao wa viungo.

#13 Takwimu Tupu
Hapana mdau. FIFA Master ni ya uongozi, sheria na historia ya michezo. Inaendeshwa na CIES, kituo cha masomo ya michezo cha Uswisi, na vyuo vitatu, wanaanzia De Montfort pale Leicester (jirani na Boksi), wanahamia SDA Bocconi Milan, wanamalizia Neuchâtel Uswisi. Nzuri kwa anayetaka ofisi ya shirikisho. Huko hakuna wa kumfundisha kupanga mazoezi ya mtu.

Mwalimu kuhusu ufadhili:

Chevening, ule ufadhili wa serikali ya Uingereza, wanataka uzoefu wa kazi masaa 2,800, ualimu wako unahesabika, na ukimaliza unarudi nyumbani miaka miwili. Wao wanapenda hoja ya uongozi, kwa hiyo usiandike "napenda mpira tangu utotoni", andika utabadilisha nini.

Commonwealth Shared ni kwa ambao bila ufadhili wasingeweza kabisa kwenda, ila kozi lazima iwe kwenye orodha yao ya mwaka huo, na za michezo hazipo nyingi.

Leipzig Ujerumani chuo kikuu kina kozi ya kimataifa ya makocha inaitwa ITK, imekuwa ikilipiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani. Ni miezi tu na ni cheti, sio masta, ila ni ya vitendo sana.

Halafu kuna Olympic Solidarity, hela za Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki za kusomesha makocha, hizo zinapitia TOC, Kamati ya Olimpiki Tanzania. Ndo maana ukiwa hujulikani na chama cha mchezo wako hata cha mkoa unazisikia kwenye redio tu.

#14 Kibirizi255
Hapo kwenye "hujulikani na chama" ndo tunarudi kwenye fitina mliyoikataa 😂

#15 Takwimu Tupu
Sikuikataa mimi, uliikataa wewe kule #6.

#16 Mama Pili Ng'ambo
Salaam. Kuna ndugu yangu aliona masta mtandaoni inayouzwa kwa jina la klabu kubwa ya Hispania, anasoma akiwa nyumbani, bei nafuu kuliko hizo pauni. Mnaionaje?

#17 Boksi Leicester
Mama Pili, Hispania kuna masta ya aina mbili. Kuna ile rasmi ya serikali yao, na kuna ile chuo kinatoa kwa jina lake tu wanaita "propio". Hiyo ya pili unaweza kujifunza mengi sana na walimu ni watu wa kwenye klabu kweli, lakini haikupeleki PhD na ukija kuipeleka TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kwa ajili ya kutambuliwa unaweza kukwama. Kama ndugu yako anataka ujuzi, sawa. Kama ni mwajiriwa wa serikali anataka kupandishwa daraja, aulize TCU kabla hajalipa, sio baada.

#18 dada_Ujiji
Mmejaa wanaume humu mnaongelea mapaja ya wanaume. Mimi nafundisha netiboli na riadha ya wasichana huku Ujiji, na nataka masta kwa sababu ambayo hamjaigusa. Tafiti nyingi za mazoezi zimefanywa kwa wanaume, halafu tunazichukua zilivyo tunamwekea binti wa miaka 16 ambaye asubuhi kachota maji, mchana kala ugali na dagaa kidogo, jioni nampa mbio za kilomita nane. Anakosa hedhi miezi mitatu watu wanasema labda ana mimba, anafukuzwa mazoezini kwa aibu. Kumbe mwili hauna nishati ya kutosha. IOC (Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki) walitoa tamko juu ya hiyo hali mwaka 2014, wanaiita RED-S, mifupa inadhoofika, kinga inashuka, mtu anaanza kuvunjika mifupa ya mguu kwa kukimbia tu. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hilo kwenye semina yoyote ya ukocha niliyohudhuria, nililisoma mwenyewe kwenye simu usiku.

Kwa hiyo mimi ajira ya timu kubwa naomba mnisamehe, siitafuti. Na ndo maana mabishano yenu ya nani anaajiriwa yananipita pembeni.

#19 fizio_wa_zamu
dada_Ujiji hapo umegonga penyewe. Ongezea upungufu wa damu. Nilishaona mabinti wanaambiwa wavivu kumbe wekundu wa damu uko chini. Nenda nao hospitali wakapime kabla ya kuongeza mbio.

Kama unataka upande huo, IOC wana diploma ya lishe ya michezo inasomwa mtandaoni miaka miwili. Sio masta lakini ni nzito na inaheshimika.

#20 Mtoto wa Katubuka
Mbona mnahangaika na Ulaya. Wakenya wanashinda kwa sababu ya milima, kwani Tabora si ni juu? Wekeni kambi hapohapo, chembe nyekundu za damu zenyewe zinajaa.

#21 Takwimu Tupu
Tabora ni kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Kambi za mwinuko watu wanatafuta 2,000 hadi 2,500, Iten kule Kenya ipo kama 2,400. Kigoma ndo kabisa, ziwa lipo mita 770 na kitu. Utapata jua tu.

#22 Kibirizi255
Na migebuka, samaki wetu wa ziwani. Tabora jua bila migebuka.

#23 Mnyamwezi Halisi
Mwangaluka wote. Kigoma migebuka yenu ikifika Tabora kwa treni inakuwa imeshastaafu, tuacheni na asali yetu.

Turudi kwenye mada. Mimi nina maelezo tofauti na ya wote. Sio fitina, sio hesabu ya kocha mgeni, sio kwamba hakuna wa kusikiliza. Ni idadi. Ligi Kuu ina timu 16. Hata kila timu ikiajiri wataalamu wawili Watanzania hizo ni nafasi 32 nchi nzima, na akishaingia mtu hatoki mpaka afukuzwe. Vyuo vinatoa wangapi kila mwaka? Chuo cha michezo Malya kule Kwimba wanatoa, Mlimani wanatoa, na bado wanaorudi kutoka nje. Utasoma mpaka PhD, nafasi hazizai. Mwalimu baki na ajira yako ya serikali, soma kwa raha zako.

#24 Mdau wa Kipalapala
Mnyamwezi umehesabu mpira tu. Kuna jeshi na polisi wana timu za riadha na ngumi, kuna akademi za watoto zinaota kila kona, na AFCON 2027 inakuja kwetu na Kenya na Uganda, viwanja vinajengwa. Viwanja vitataka watu.

#25 Mnyamwezi Halisi
Viwanja vitataka watu wa kufyeka nyasi. Mashindano ni mwezi mmoja bana, halafu?

#26 Mwl wa Isevya
Nimesoma yote. Wakati nasubiri hizo pauni 20,000 zianguke, niwaeleze ninachofanya na vijana wangu wa shule mniambie kama kina maana mbele ya hao wa udahili.

Nina daftari la kaunta. Mazoezi yakiisha nasubiri kama nusu saa, watu wamekunywa maji, wamevua viatu, ndo naanza kuuliza mmoja mmoja, leo kuanzia 0 mpaka 10 ilikuwa ngumu kiasi gani? Namba yake nazidisha na dakika. Tumefanya dakika 75 kijana kasema 8, naandika 600. Mwanzoni nilikuwa nawauliza wakiwa mstarini, wote wanasema 5. Nahodha akisema 5 nani atasema 9? Sasa nawaita pembeni pale bombani na daftari nimelifunika kwa mkono. Namba zimebadilika kabisa. Kuna mmoja wa pembeni kushoto, anakimbia anacheka, mimi naona yuko freshi, kila siku 9. Nikamdadisi nikagundua anatembea kutoka kwao mbali asubuhi na kurudi jioni, na chai hanywi. Bila daftari ningesema mvivu wa mechi za mchana.

Jumla ya wiki nachora grafu kwa penseli. Vesti za GPS sina, saa yenyewe ya mkononi ni ya kuazima.

#27 Boksi Leicester
Mwalimu hicho ndo kitu cha kuandika kwenye barua ya maombi, yaani neno kwa neno, hasa hapo bombani. Kipimo hicho ndo cha mtafiti Carl Foster, kinatumika mpaka klabu kubwa huku pamoja na vesti zao zote. Na usione aibu ya penseli. Mwaka 1976 Thomas Reilly na mwenzake Thomas walipopima mchezaji wa ligi ya juu ya Uingereza anakimbia umbali gani kwenye mechi hawakuwa na GPS, mtu anamfuatilia mchezaji mmoja kwa macho na kuingiza anachoona kwenye kinasa sauti, wakapata wastani wa karibu kilomita 8.7. Sayansi ya mpira ilikua kutoka kwenye kazi za aina hiyo.

#28 Takwimu Tupu
Naunga mkono, ila mwalimu usije ukaingia mtego wa kugawanya mzigo wa wiki hii kwa wastani wa wiki nne na kusema ukizidi 1.5 kijana ataumia. Ilivuma sana ile, mtafiti Tim Gabbett ndo aliipigia debe, halafu wakaja watafiti wengine kina Impellizzeri wakaichana kwamba hesabu yenyewe ina kasoro na haitabiri jeraha la mtu mmoja.

#29 Boksi Leicester
Kuichana sawa lakini klabu nyingi bado wanaitazama. Mzigo ukipanda ghafla ni hatari, hilo halijafa.

#30 Takwimu Tupu
Hilo hata Mzee wa Reli analijua bila kugawanya. Ninachopinga ni hiyo 1.5 kugeuzwa msahafu.

#31 Mzee wa Reli
Nimetajwa. Mwalimu daftari lako nimelipenda. Sisi reli tulikuwa na daftari la zamu, dereva akishuka anaandika injini ilivyosumbua, anayepanda anasoma. Ukiwa na hilo masta ya nini sasa?

#32 dada_Ujiji
Shikamoo mzee. Masta ni kwa ajili ya kujua namba ikisema 9 ufanye nini. Kuandika hata mimi naandika.

#33 Mzee wa Reli
Marahaba binti. Haya.

#34 Kocha Mstaafu wa Wilaya
Nimekuwa nasoma kimya. Mwalimu leseni usizidharau. Mashindano ya CAF kocha mkuu bila CAF A hakai benchi, na mtu wa pembeni akiwa na leseni hata ya chini kocha anamheshimu kwasababu wamepita darasa moja. Nimeona wenye masta wakiongea na wachezaji kwa grafu, wachezaji wanaangaliana. Anza D, panda C, ndo uende chuo. Na usichague kati ya viwili.

Kwa upande wa mazoezi ya nguvu kuna cheti cha CSCS cha Wamarekani, sasa hivi ukiwa na digrii yoyote unaruhusiwa mtihani, ila walitangaza kwamba kuanzia 2030 watataka digrii ya fani hiyo kutoka kozi iliyoidhinishwa. Anayetaka asilale.

#35 fizio_wa_zamu
Kocha kasema kweli kuhusu grafu. Ila kuna makocha pia wanaogopa mtu anayejua zaidi yao, hilo nalo tuliseme.

#36 Kocha Mstaafu wa Wilaya
Wapo. Na wapo mafizio wanaotaka kupanga kikosi.

#37 Nipo Pretoria
Nimechelewa. Kwa wanaofikiria Sauzi, Pretoria chuo kina kituo chao cha michezo ya kiwango cha juu, unaona waogeleaji na wakimbiaji wa taifa wanapita kantini, na Cape Town wapo pale Newlands. Ada nafuu kuliko Uingereza. Tatizo moja linalowakuta Watanzania wengi, mfumo wao kati ya digrii ya miaka mitatu na masta kuna mwaka wa "honours". Digrii yetu wanaweza kukwambia urudi ukafanye huo mwaka kwanza, kwa hiyo bajeti yako ya miaka miwili inakuwa mitatu. Andikia idara yenyewe uulize kabla hujalipa ada ya maombi, na mtafute msimamizi wa tasnifu mapema, umwambie una data gani. Hilo daftari mwalimu lipige picha kurasa zote leo, mvua zinakuja.

Kenya nako Kenyatta na Moi wana idara, na uko karibu na wakimbiaji wenyewe.

#38 Mwl wa Isevya
Nipo Pretoria hilo la honours sikulijua, asante. Msimamizi anaandikiwaje, unaanza tu "Dear" fulani kama barua ya posa? Na je nikimtumia grafu ya penseli hatacheka?

#39 Nipo Pretoria
Mistari kumi, usizidishe. Wewe nani, una data ya wachezaji wangapi kwa muda gani, swali lako ni nini, kwanini yeye. Grafu ichore upya kwenye kompyuta ya shule. Na kabla hujatuma jina la mtoto yeyote futa, weka namba, na wazazi na mkuu wa shule wawe wameridhia kwa maandishi, la sivyo huko huwezi kuitumia kwenye utafiti hata iwe nzuri vipi.

#40 Mnyamwezi Halisi
Haya kazi imeanza. Ila mimi na zile nafasi zangu 32 nipo palepale.

#41 Kibirizi255
Mwalimu vijana wako lini wanakuja Kigoma mechi ya kirafiki? Tuone huyo wa namba 9 na chai tutamnywesha.

#42 Mwl wa Isevya
Nauli ya timu nani analipa, Kigoma au migebuka?

#43 Mama Pili Ng'ambo
Samahani narudi nyuma kidogo, hiyo TCU ndugu yangu apeleke maombi mtandaoni au mpaka aende Dar?